Kalibu ya Elwood Tangen

Elwood Tangen alinipigia simu saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, wiki ya pili ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milima yetu. Hakunisalimu.

"Verlene," alisema, "risasi imenikwama."

Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikitua mezani polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Sisi tunaojitengenezea risasi nyumbani, neno hilo kwetu lina maana mbili. Huenda ni kichwa kitupu, donge la madini ya risasi lililosubiwa, lisilo na madhara zaidi ya kokoto. Na huenda ni risasi kamili, yenye ganda, baruti na fataki ya kuiwasha kitakoni, ambayo ukiigonga mahali pabaya inakujibu.

"Imekwama wapi?"

"Kwenye kalibu."

"Kichwa kitupu, au nzima na baruti yake?"

Nikasikia chuma kikigonga mbao.

"Elwood?"

"Ngoja nitazame," alisema.

Jibu hilo ndilo lililonitoa mbio. Mtu huyu alikuwa amekaa kwenye meza ile miaka arobaini na tatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyeyusha risasi, kuimimina, kuipaka nta, kuipima. Kumuuliza swali kama lile ni kama kumuuliza mpishi kama chunguni kuna maji au mafuta ya taa. Hapaswi kutazama.

"Usiguse kitu," nilimwambia huku navaa buti. "Na hiyo nyundo iweke chini."

"Nani kakuambia nina nyundo?"

"Naisikia, mzee. Iweke chini."

Nyumba zetu zinatenganishwa na kijito na uwanja wa farasi wasiokuwepo tena. Theluji ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu. Nilivuka nikijisemea kwamba nina wasiwasi wa bure, kwamba mzee wa miaka sabini na sita ana haki ya kusahau kidogo. Lakini moyo haukukubali kudanganywa.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba kimoja cha mbao chenye joto la umeme. Nilimkuta amesimama mbali na meza, mikono mfukoni, kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Mashine yake ya mkono ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye meza ya mbao nene, na mkono wake wa chuma ulikuwa umesimama nusu ya safari. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umeng'oka sakafuni na misumari yake. Alikuwa amening'inia kwenye ule mkono kwa uzito wake wote.

"Ulitaka kuangusha nyumba?" nilimwuliza.

"Nilidhani imeshikwa kidogo tu."

Kalibu yenyewe ni kipande cha chuma kigumu, kinene kama kidole gumba, chenye tundu laini kama kioo katikati. Kichwa cha risasi ukikisubu hakitoki na unene kamili, kwa hiyo unakipaka nta, unakisukuma kwenye tundu kutoka chini, na kinatokea juu kikiwa sawasawa. Kazi ya sekunde mbili. Kikikataa, basi kuna kitu hakikufanywa.

Nilipiga magoti, nikamulika kwa tochi ya simu chini ya kalibu, karibu na chuma cha kusukumia. Niliona kijivu kitupu. Hapakuwa na njano ya shaba wala duara la fataki. Kichwa kitupu.

"Si nilikuambia," alisema Elwood.

"Hukuniambia."

Niliifungua kalibu kwenye mashine kwa spana, nikaizungushia ngozi, nikaibana kwenye jiliwa. Nilipogeuka kutafuta ufito wa shaba, nilisikia sauti ya gesi. Elwood alikuwa amewasha tochi ya kuchomea, moto wa buluu, anakuja nao.

"Tuichome tu," alisema. "Itayeyuka itoke yenyewe."

"Zima."

"Dakika moja tu..."

"Elwood, zima! Nani alinifundisha kwamba kalibu haichomwi? Nani alisema chuma kinalegea, na likiwemo tone la maji ndani, risasi inaruka yote usoni kwako?"

Aliutazama moto ule kana kwamba mgeni ameupachika mkononi mwake akaondoka. Kisha akauzima. Hakunitania.

Nikatia kalibu ndani ya friza lake, katikati ya nyama na mifuko ya haklberi, matunda madogo ya mwituni, kwa sababu risasi husinyaa kwa baridi kuliko chuma kinavyosinyaa. Nusu saa. Tukanywa kahawa yake, ambayo siku zote ni chungu kama dawa ya farasi. Akanisimulia kwamba binti yake, Marit, alipita saa kumi na mbili kasoro akachukua risasi zake ishirini, akaenda kutafuta elki Bonde la Kettle. "Peke yake," alisema kwa fahari. "Na ile bunduki ya babu yangu. Wenzake wanabeba bunduki za darubini, yeye anabeba chuma cha mwaka elfu moja mia nane themanini na sita, risasi moja kwa wakati. Akikosa, amekosa."

Bunduki ile niliijua. Nzito, fupi, yenye mdomo mpana. Risasi zake haziuzwi dukani kwetu. Elwood ndiye aliyemtengenezea Marit zote alizowahi kufyatua.

Nusu saa ilipofika nilitia matone ya mafuta mepesi, nikaweka ufito wa shaba kwenye pua ya kile kichwa, nikagonga. Pigo la kwanza halikusema kitu. La pili vilevile. La tatu nikahisi mkononi, si kwa sikio, kitu kikikubali. Kufikia la saba kilianguka kwenye kitambaa.

"Haya," alisema Elwood, "fundi wa magogo bado ana mkono." Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nilichonga vyuma karakana ya kiwanda cha mbao miaka ishirini na sita.

Nilikiokota kile kichwa. Kilikuwa kikavu, hakina nta hata chembe. Na kilikuwa kikubwa, kirefu, na mifereji mitatu ubavuni. Nikasoma alama iliyochongwa kwenye kalibu. Ilikuwa ya bastola yake. Alikuwa amechukua kichwa cha bunduki ya Marit, bila nta, akakilazimisha kwenye tundu la bastola, kama mtu anayemvisha mtu mzima kiatu cha mtoto, na kilipokataa akaongeza nguvu.

Kosa moja ningelicheka. Makosa mawili kwa mpigo, kutoka kwa mtu yule, yalinifanya niinue macho nitazame meza yote.

Elwood ana sheria moja kubwa, ameiandika kwa mkaa ukutani: CHUPA MOJA MEZANI. Baruti moja tu, nyingine zote kabatini, ili mkono usikosee. Siku ile chupa zilikuwa mbili. Na kile kipimo chake, kopo refu lenye mkono linalomwaga baruti kiasi kile kile kila mara, lilikuwa limejaa. Hakuwahi kulaza baruti kwenye kipimo. Juu yake palikuwa na kadi kwa mwandiko wake: *Bunduki ya Marit*.

Nikamimina kidogo kwenye karatasi.

Baruti ya bunduki ile ni vijiti vidogo vyeusi, kama majani ya chai yaliyokatwa. Iliyomwagika pale ilikuwa vipande bapa, vyembamba kama pumba.

"Elwood," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "hii ni baruti gani?"

"Ya Marit. Si imeandikwa."

"Itazame."

Akavaa miwani. Akaimimina kiganjani, akaisogeza kwa kidole. Nilimwona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kuanzia mdomoni.

"Hii ni ya bastola," alisema taratibu.

"Risasi za Marit ulizitengeneza lini?"

"Jumatano. Na... jana. Nyingine jana."

"Za jana ulizitia hii?"

Aliigeuza ile kadi akatazama nyuma yake.

"Elwood, ulizitia hii?"

"Sijui," alisema. "Verlene, sijui."

Nieleze hapa jambo moja, kisha niendelee. Baruti ya vijiti huungua kama gogo, inausukuma ule mzigo mzito taratibu mpaka mdomoni mwa mtutu. Ya pumba huwaka kama nyasi kavu. Ganda kubwa ukilipimia pumba kwa kipimo cha vijiti, moto wote unakuja mara moja na hauna pa kwenda. Chuma kinafunguka. Na kinafunguka pale pale mpigaji alipolaza shavu lake.

Nilimpigia Marit. Simu ikaenda moja kwa moja kwenye sauti yake iliyorekodiwa, anacheka, anasema acha ujumbe. Bonde la Kettle halina mtandao, halijawahi kuwa nao. Nilimpigia askari wa wanyamapori ninayemjua. Akasema yuko ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu kama barabara ni nzuri, na barabara si nzuri.

"Nakwenda," nilisema.

"Tunakwenda," alisema Elwood. Alikuwa tayari amevaa kizibao chake cha rangi ya machungwa.

Tulipanda gari langu. Barabara ya bonde ni changarawe chini ya theluji, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine mto. Niliendesha vibaya. Elwood hakunikemea, yeye ambaye kwa kawaida hukemea hata ninavyobadilisha gia. Alikaa amesogea mbele, mikono juu ya magoti, na midomo ikihesabu. Baadaye nilijua alikuwa anajaribu kurudia jana yake yote, risasi moja moja, na kila akifika mahali fulani palikuwa na shimo.

"Jumatano nilifanya kumi," alisema. "Hizo nina uhakika nazo. Jana simu ililia. Nikaenda kuipokea. Niliporudi..."

"Nani alipiga?"

"Hapo ndipo panaponikatikia."

Tulikuwa tumepita daraja la pili tuliposikia mlio. Mmoja, mbali, juu kushoto. Mguu wangu ulikanyaga breki bila kuniuliza. Gari likateleza, likasimama kiubavu. Nikashusha kioo. Hewa ya baridi ikaingia, na mwangwi wa mwisho ukafia kwenye miamba.

Sikuthubutu kumgeukia Elwood.

"Si yake," alisema.

"Una hakika?"

"Hiyo imekata kavu, kama fimbo. Ni bunduki ndogo ya kisasa. Ya Marit huguna." Macho yake yalikuwa makali. "Endesha, binti. Endesha."

Nilishangaa, na bado nashangaa, jinsi hofu ilivyomzindua mzee yule. Asubuhi alikuwa kama taa yenye nyaya mbovu. Sasa alikuwa anaijua kila kona kabla hatujaifikia.

Gari la Marit tulilikuta mwisho wa barabara. Boneti lilikuwa baridi, na theluji nyembamba juu yake. Nyayo zake zilipanda msituni, hatua ndefu za mtu mwenye haraka. Bila kufikiri nililalia honi yangu: mara tatu, nikapumzika, mara tatu tena. Kila mwindaji wa milima ile anaijua. Tatu ni msaada.

Elwood alinidaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Acha! Atajibu!"

"Ndiyo nataka ajibu!"

"Atajibu kwa bunduki, Verlene! Nilimfundisha mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Ukisikia tatu, jibu kwa moja, wajue ulipo."

Niliondoa mkono kwenye honi kana kwamba imeniunguza.

Tulikaa. Injini nilikuwa nimeizima, na ilikuwa inatoa ule mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Ndege mmoja alilia, akaacha. Niliwaza kwamba huko juu, mahali fulani, Marit ameinua kichwa, amesikia, na sasa ananyoosha mtutu angani ili kutusaidia. Kwamba nimemwua kwa honi. Nimeogopa mara nyingi katika maisha yangu. Niliwahi kuona msumeno wa kiwandani ukikatika na kuruka juu ya vichwa vyetu. Lakini ile ilikwisha kabla sijaijua. Hii ilinikalia kifuani, ikanisubirisha.

Dakika moja. Mbili. Hapakuwa na mlio.

"Hajasikia," alisema Elwood hatimaye. "Au ameziba masikio."

"Yuko wapi?"

"Kuna jukwaa la mwamba juu ya msitu ulioungua. Hapo nilimpeleka kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo anapokwenda, hata akisema anakwenda kwingine."

Hatukuzifuata nyayo. Elwood alikata njia yake mwenyewe, kupitia korongo, akisema tutaokoa nusu saa. Nilimfuata. Nilimwamini mtu ambaye asubuhi ile ile hakuweza kuniambia kama kitu kwenye kalibu yake kina baruti. Sikuwa na mwingine.

Theluji ilifika magotini. Alianguka mara moja, kifudifudi, na nilipomwinua pua yake ilikuwa inatoka damu. "Usinishike," alisema, "utachelewa." Nilisikia pumzi yake ikikoroma nyuma yangu, kisha kando yangu, kisha mbele. Kila tawi lililokatika kwa uzito wa theluji nilidhani ni mlio wa bunduki.

Tulitokea juu ya uwanda mdogo wa nyasi, pembezoni mwa miti iliyoungua. Upepo ulikuwa unatupiga usoni. Chini yetu, kulia, kama hatua mia mbili, kulikuwa na nukta ya rangi ya machungwa juu ya mwamba.

Marit alikuwa ameketi, magoti ameyainua, bunduki imelala juu ya fimbo mbili zilizopishana. Masikioni alikuwa na vile vifuniko vikubwa vya kuzuia kelele. Na mbele yake, ng'ambo ya uwanda, elki sita walikuwa wanakwangua theluji kwa kwato. Mmoja wao dume, pembe kama mti uliokauka, anageuka taratibu kuuonyesha ubavu wake.

"MARIT!" nilipiga kelele.

Upepo uliichukua sauti yangu ukairudisha kooni. Hata elki hawakuinua vichwa.

"MARIT! USIPIGE!"

Nilimwona akiinamisha kichwa. Nilimwona akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, kwa upole, kama mtu anayelala.

Nilianza kukimbia kumwelekea, nikijua sitafika. Hatua mia mbili kwenye theluji ya magoti si mchezo. Na nilipotupa jicho kushoto kumtafuta Elwood, hakuwa nyuma yangu.

Alikuwa anateremka kwenye uwanda. Hakwenda kwa binti yake. Alikwenda moja kwa moja katikati, kati ya mdomo wa ile bunduki na yule dume. Hakukimbia, hakuweza. Alitembea kama mtu anayevuka uwanja wake kwenda kuchukua barua, mikono ameinyoosha juu, kofia imeanguka, nywele nyeupe zinapeperuka. Sikumwita. Kwa sababu nilielewa. Alijua hatasikika. Alijua binti yake amefundishwa jambo moja kuliko yote, kwamba mtu akionekana mbele ya mtutu, kidole kinaondoka. Alikuwa anaweka dau juu ya somo lile. Na kama angechelewa kwa nusu sekunde, angepigwa na ile risasi, au angesimama pale akitazama chuma kikifunguka usoni pa mwanawe.

Elki waliruka wote kwa pamoja, theluji ikapaa kama vumbi.

Bunduki haikulia.

Marit aliinua kichwa. Akavua vifuniko vya masikio. Nilikuwa karibu sasa, nikamsikia.

"Baba? *Baba!* Nilikuwa nakuua! Umerukwa na akili?"

"Toa kidole," nilimwambia nikiangukia mwamba, sina pumzi. "Kitoe, Marit. Nipe hiyo bunduki."

"Shangazi Verlene? Na wewe? Mnafanya nini huku? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nipe."

Alinipa. Nilishindwa mara mbili kuuvuta ule mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, unaofungua chemba inayokaa risasi. Mara ya tatu chemba ilifunguka na ile risasi ikaruka, ya njano, nzuri, ikazama kwenye theluji. Niliichimbua, nikaitia mfukoni mwa koti lake alimokuwa ametia nyingine.

"Umefyatua ngapi leo?"

"Moja. Alfajiri. Nilikosa."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwaje? Ilikuwa kama siku zote. Kwani kuna nini?"

Elwood alikuwa anapanda mwamba, damu imeganda juu ya mdomo. Alikataa mkono wangu. Alisimama mbele ya bintiye na akasema mwenyewe, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa.

"Mwanangu, nilikutilia baruti ya bastola. Si zote. Sijui ngapi. Sikumbuki."

Marit alicheka kwanza. "Acha utani, Baba." Kisha akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Kicheko kilikatika. Alikaa chini palepale, kwenye theluji, akautazama mkono wake wa kulia, akikunja na kukunjua kidole cha shahada.

"Nilikuwa nimeshaanza kubana," alisema. "Baba, nilikuwa nimeshaanza kubana."

Elwood alikaa kando yake. Hawakukumbatiana; si desturi ya nyumba ile. Aliliweka bega lake dhidi ya bega la bintiye, na walikaa hivyo mpaka mimi niliposema baridi itatumaliza.

Alasiri ile tulizifungua zote kumi na tisa, mezani kwangu, si kwake. Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu. Unapachika risasi ndani, unagonga mbao, na kichwa kinachomoka na baruti yake. Niliimwaga kila moja kwenye kisahani cheupe. Kumi na mbili zilikuwa vijiti. Saba zilikuwa pumba. Ile niliyoitoa chemba ilichanganyika na wenzake mfukoni, na ganda halina alama. Hatukujua, na hatutajua. Marit aliuliza mara moja tu: "Ile yangu ni ipi?" Nilimwambia sijui, akatikisa kichwa, akatoka nje, akatapika kwenye theluji.

Wiki iliyofuata mimi na Marit tulimpeleka kwa daktari, mjini Missoula. Elwood alisikiliza yote kimya, kofia mapajani. Jina la ule ugonjwa wa kusahau alimwomba daktari amwandikie kwenye kikaratasi, akakikunja akakitia pochini. Njiani kurudi aliniomba kitu kimoja. Alitaka tuzifungue risasi zote alizotengeneza, kila moja iliyobaki ndani ya nyumba, mpaka zile za miaka mitano nyuma, kwani hakujua mashimo yale ya kumbukumbu yalianza lini. Marit alichukua funguo za karakana. Mashine niliing'oa mimi.

Zilikuwa mia sita na zaidi, kwenye makopo ya kahawa. Tunazifungua kila Jumanne, kwenye meza yangu ya jikoni, jiko limezimwa. Yeye anagonga nyundo, mimi namwaga baruti, na jioni Marit anakuja kuichukua akaitawanye kama mbolea kwenye shamba lake la viazi. Mpaka sasa nimekuta nyingine tatu za bunduki zenye pumba. Moja ilikuwa kwenye kopo aliloliandikia jina langu.

Siku nyingine anafanya kazi vizuri, ananitania, analalamika kwamba kahawa yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Siku nyingine anasimamisha nyundo hewani na kuniuliza kwa nini tunaharibu kazi nzuri kama hii. Mwanzo nilikuwa namdanganya. Haikufaa; alikasirika, akataka kuondoka na makopo yake. Kwa hiyo namweleza. Na kila nikimweleza inampata kwa mara ya kwanza. Anashika ukingo wa meza. Rangi inamtoka. Kwake yeye sasa hivi ni asubuhi ile, na hakuna aliyefika mlimani.

"Marit yuko wapi?"

Maneno yangu hayaamini. Nimejifunza kutojaribu. Ninapiga simu na kuiweka sauti ya juu katikati ya meza, na Marit, ambaye anauza dawa za mifugo mjini, anawaacha wateja wake wasimame.

"Niko hapa, Baba."

"Mikono yako?"

"Ipo yote miwili."

"Macho?"

"Yote mawili, Baba. Yanaona mpaka huko."

Anasikiliza kidogo zaidi, kichwa ameinamisha upande, kama anavyosikiliza mlio wa mbali kujua ni wa bunduki gani. Kisha ananiambia nikate simu, mtoto ana kazi, na anaingiza mkono koponi kutafuta nyingine.